Jani la Kijani Kwenye Boksi la Chipsi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema. Sukari inapanda, presha inapanda, uzito ulishapanda zamani. Nilimweleza kwamba kitu kinachopanda, kwa kanuni za fizikia, hushuka chenyewe. Hakucheka. Alimgeukia mke wangu, kana kwamba mimi ni begi lililosahauliwa kwenye kiti, akamwagiza kwamba vyakula vya kukaanga vikome.

Mke wangu alitoa hukumu njiani. Nisipopungua kufikia katikati ya mwezi, dada yake mkubwa atakuja kukaa nasi na kusimamia jiko. Dada huyu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume hadi alipostaafu. Ukoo mzima unamwita Matroni. Inasemekana wagonjwa wake walikuwa wanapona haraka ili wapate ruhusa ya kuondoka.

Na atalala wapi? Chumba cha nyuma! Chumba changu, chenye mawe niliyokusanya miaka yote niliyofundisha sayansi. Itale, chokaa, jiwe la volkano, kila moja na lebo yake. Mke wangu anakiita stoo.

Hapana. Hatalala mtu pale.

Jumanne, 4 Machi

Mungu mkubwa. Ule mgahawa wa kuku wa kukaanga pale kona, wenye matawi kila mji na jogoo wa plastiki juu ya paa, umebandika tangazo jipya: Menyu ya Jani. Chakula chochote chenye jani la kijani la karatasi lililobandikwa kwenye boksi ni chakula cha afya. Kampuni nzima imesema hivyo. Mimi ni nani nibishane na kampuni?

Niliingia kufanya utafiti. Utafiti, si njaa. Tofauti yake ni kwamba mtafiti hubeba kalamu.

Matokeo: Saladi ya Jani ina majani matatu ya saladi, yamelala chini kabisa kama watu walioangukiwa na ukuta. Juu yao kuku wa kukaanga, jibini, mayonezi, na vipande vya mkate vilivyokaangwa pia, nadhani ili visijisikie wapweke. Chipsi za Jani ni chipsi. Nilimuuliza mpishi kama mafuta yake ni tofauti. Alisema karai ni lile lile, ila hizi za Jani zinanyunyiziwa majani makavu mwishoni. Nikaandika: majani, mwishoni. Nikala zote ili sampuli isiharibike.

Nyumbani mke wangu aliuliza nimekula nini mchana. Nilisema majani. Akaniangalia mdomo, unaong'aa, akaniuliza majani hayo yanaota wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mpango. Ni mzuri mpaka nimeshindwa kukaa.

Nilimwendea Meneja wa mgahawa. Ni kijana wa tai nyekundu, anayetaja makao makuu kama sisi tunavyotaja mbingu. Nilimweleza kwamba tangazo lake lina kasoro moja: halina mtu. Watu hawaamini jani, wanaamini mtu anayekula jani. Tena mtu mzima, mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa huu. Nipimwe uzito hadharani Jumamosi hii, nile Menyu ya Jani wiki nzima, nipimwe tena Jumamosi ijayo. Picha ya kabla, picha ya baada. Meneja alipiga simu makao makuu akiwa amesimama wima.

Wamekubali! Mimi ndiye Babu wa Jani. Malipo ni kuponi ya saladi kila mchana.

Nilifikiri mke wangu atapinga. Alikunja khanga, akaikunjua. Kisha akasema vizuri, mizani ya hadharani haina ujanja. Ikionyesha nimeshuka, Matroni abaki kwake. Isipoonyesha, niondoe mawe yangu mwenyewe kabla Matroni hajayaondoa.

Haina ujanja, anasema. Mke wa mwalimu wa sayansi!

Jumamosi, 8 Machi

Nieleze taratibu, kwa faida ya vizazi vijavyo. Ili kitu kionekane kimeshuka, si lazima kishuke. Inatosha kianzie juu.

Kwa hiyo nilivaa koti langu la kufundishia, lenye mifuko mirefu ya chaki. Kulia itale, kushoto jiwe la volkano, na vipande vya chokaa kwenye mfuko wa kifuani. Nilitembea polepole, kwa heshima. Watu walidhani ni uzee.

Nilipopanda mizani, mshale uliruka kama mtu aliyeitwa jina. Umati ukaguna. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye duka lake linatazamana na mgahawa na ambaye hajawahi kukosa la kusema, alisema kwa mzee huyu jani moja halitoshi, wamletee mti. Watu walicheka kuliko ilivyostahili. Nilitabasamu. Cheka tu, Fundi. Jumamosi ijayo nitavua mawe, nawe utavua kofia.

Dosari ndogo. Mifuko ilipasuka wakati wa kurudi, na Meneja ameagiza picha ya pili ipigwe na koti lile lile. Imebidi nilipeleke kwa Fundi. Nilimwambia ni funguo zimechana. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akauliza ni funguo za gereza gani.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi imeanza. Meneja amenikalisha kwenye meza ya dirishani, nikitazama barabara, saladi mbele yangu. Nyuma yangu foleni.

Nikaona jambo la ajabu. Kila anayeingia ananitazama, anaitazama saladi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha anaagiza chipsi kubwa na soda. Mama mmoja aliwaambia wanawe wamwone babu anavyokula vizuri, akawanunulia ndoo ya kuku. Mchana kutwa hakuna hata mmoja aliyeagiza saladi.

Nilimweleza Meneja kwa upole kwamba mradi unashindwa. Alishangaa. Akavuta kiti, akainama kama anayenipa siri ya ukoo.

"Mzee wangu, saladi hatukuiweka iuzwe. Tumeiweka ionekane. Mtu akishaiona anajisikia yuko mahali pazuri, basi anaagiza anachokitaka bila wasiwasi. Tangu uketi hapo dirishani, chipsi zimetushinda kukaanga."

Nilikaa nikitafakari. Kwa hiyo jani halipo pale kwa ajili ya afya ya mlaji. Lipo kwa ajili ya dhamiri yake. Nilihisi kama nimetumika. Nilikaribia kabisa kusimama na kuondoka.

Meneja aliongeza kuponi ya pili. Nikaketi vizuri zaidi, kuelekea barabarani.

Jumanne, 11 Machi

Tatizo: nina saladi mbili kwa siku na hamu ya chipsi. Suluhisho: Fundi.

Fundi anafuga sungura nyuma ya duka. Analalamika kila siku kwamba majani ya sungura yanamsumbua kutafuta. Nilimpelekea hoja kwa lugha nyepesi: yeye anunue chipsi, mimi nilete saladi, tubadilishane mlango wa nyuma, asione mtu. Sungura wapate majani yao, nami nipate yangu. Maana kiazi nacho ni mmea. Sijui kwa nini jambo hili linasahaulika.

Fundi alifikiri huku pini zikiwa mdomoni. Akakubali. Chipsi zilikuwa za moto.

Jumatano, 12 Machi

Chipsi. Na kipande cha kuku, kwa kuwa Fundi hajui kuagiza kidogo. Mkanda umegoma tundu la kawaida. Hali ya hewa.

Alhamisi, 13 Machi

Sungura wamekataa.

Fundi alinivuta hadi kwenye banda nijionee. Saladi ya juzi ipo, ya jana ipo. Sungura wamejibanza kona ya mbali, wote wameipa mgongo. Anasema walinusa mayonezi wakapiga chafya. Mmoja alikuwa na njaa zaidi ya wenzake, akala boksi. Amekula boksi lote, jani la kijani likiwamo, akaiacha saladi! Tangu jana tumbo la huyo halijatulia, na Fundi ameshinda bandani na maji ya chumvi badala ya kushona.

Fundi alitaka nimpe pole tu. Nakiri hilo lilikuwa jambo dogo. Lakini alisema mbele ya wateja wake kwamba chakula ambacho sungura anakikimbia, mwalimu anakitangaza dirishani. Sikuweza kuliacha. Nilimweleza kwamba sungura wake ni washamba, hawajazoea vyakula vya hadhi.

Alitema pini zote mkononi. Akasema sawa, Mwalimu. Koti lako litakuwa tayari Jumamosi, nitakuletea mwenyewe hapo kwenye mizani.

Muungwana sana, nilifikiri.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika ukweli, maana mtaa mzima unaujua.

Umati mkubwa. Mke wangu mstari wa mbele. Kando yake Matroni, amekuja kuangalia tu, anasema, lakini ameshika sanduku. Meneja na kipaza sauti. Fundi akaja na koti, limenyooshwa vizuri, akanivika mwenyewe kama bwana harusi. Mifuko mitupu. Nilijisikia mwepesi! Nilipanda mizani karibu kwa kuruka.

Mshale ulipanda. Ukapanda. Ukasimama pale pale uliposimama Jumamosi iliyopita.

Meneja aliigonga mizani kwa kiatu. Haikubadili mawazo. Akatangaza kwa sauti ya furaha kwamba Babu wa Jani hakuongezeka hata kidogo, makofi tafadhali. Watu walianza kupiga makofi. Nami nikaanza kuamini.

Ndipo Fundi alipoinua mkono, kwa adabu, kama mwanafunzi.

"Mwalimu, samahani. Hiki kilikuwa kimeingia ndani ya bitana nilipokuwa nashona. Nadhani ni funguo yako."

Jiwe la chokaa. Lebo yangu juu yake, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, unaosomeka kutoka dawati la mwisho.

Mke wangu alilichukua. Alilipima mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama mifuko ile mirefu, akaitazama mizani. Niliona hesabu inavyofanyika usoni mwake, hatua kwa hatua, bila kosa. Kwa lugha ya sayansi: wiki iliyopita mawe yalikuwa mfukoni. Wiki hii yako tumboni.

"Baba watoto," alisema, "shuka. Unaichosha mizani."

Fundi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Matroni alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea nyumbani kwetu na sanduku lake.

Mgahawa haukupata hasara yoyote. Umati ulikuwa na njaa, na foleni ilifika barabarani.

Jumapili, 16 Machi

Matroni amehamia. Jiwe la itale linazuia mlango wa jiko usijifunge. Jiwe la volkano liko bafuni, wanasugulia miguu. Mimi nakula mboga za kuchemsha, kwa ratiba, na kuna mtu anasimama karibu mpaka nimeze. Meneja ametoa picha yangu dirishani na kuweka ya mtoto mnene anayecheka.

Lakini akili haistaafu. Nimekaa chini na kuuchunguza mradi mzima, bila upendeleo, kutafuta kosa liko wapi. Nimelipata. Kosa ni koti. Nilipaswa kuvaa suruali yenye mifuko.

Jani lenyewe halikuwa na kosa lolote! Jani lilifanya kazi yake kwa kila mtu aliyepita mlangoni. Kwa bahati nzuri nilikuwa nimehifadhi maboksi chini ya kitanda. Leo baada ya chakula nimebandua jani moja polepole kwa mvuke wa chai, nikalibandika kwenye kopo langu la biskuti za siagi. Kopo nimeliweka wazi kabisa, rafu ya jikoni, kati ya dengu na chumvi. Matroni akiliona jani atapita. Nami nitakuwa nachukua moja moja, kwa heshima zote.

Saa hii hii, wakati naandika, nasikia yuko jikoni. Amesimama mbele ya rafu. Analitazama jani. Anamwambia mke wangu kwamba angalau kuna kitu kimoja cha afya katika nyumba hii.

Kifuniko kimefunguka. Sauti ya kutafuna. Kifuniko hakijafungwa. Mke wangu naye ameitwa aonje.

Nadharia imethibitishwa. Biskuti zimekwisha. Kesho nitabandika majani mawili.