Kamshafti za Reinhold na Sikio Langu la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni 1996

Daktari kachungulia masikio yangu. La kulia limekufa zamani, hilo nilimwambia mwenyewe nikamwokolea muda. La kushoto, kasema, halitavuka majira ya baridi. Nikamuuliza dawa ziko wapi. Akasema umri hauna dawa, Bibi. Kijana mpole. Nilimbusu shavuni, akawa mwekundu kama bitiruti.

Basi nimeamua. Kabla sikio halijaniaga, nataka kuisikia pikipiki ya marehemu mume wangu Reinhold. Mara moja tu! Imelala bandani tangu tumzike, mwaka wa tano huu. Kamshafti zake zimelika, vile vyuma viwili vyenye vinundu vinavyofungua na kufunga vali. Mpya alinunua mwenyewe, akaziweka kabatini juu ya blanketi. Alisema atazifunga theluji ikiyeyuka. Theluji iliyeyuka. Yeye hakuwepo.

Binti yangu Verna kasema, Mama, tumlipe fundi Emil aifanye. Emil! Nimemwambia heri nile spana na haradali.

Jumanne, 4 Juni

Nieleze habari ya Emil, nisije nikaonekana mkorofi. Mwaka wa 1947, kwenye ngoma ya harusi yetu, huyo fundi Emil alisema mbele ya watu kwamba Reinhold hawezi kukaza hata nati ya toroli. Reinhold akaapa palepale: injini yake haitaguswa na mkono wa mtu mwingine. Na haikuguswa! Miaka arobaini na minne. Kazi ikiwa ngumu, aliipakia injini kwenye lori akaenda kuifungia shambani kwa kaka yake, apate utulivu. Alirudi inaunguruma. Mwanamume huyo!

Mimi shule sikuiona. Nilipokuwa na miaka sita nilikuwa napalilia bitiruti za sukari na mama, kutoka alfajiri mpaka mgongo ulie. Kusoma nimefundishwa na Reinhold, mezani pa jikoni, kwa kitabu cha injini hiyohiyo. Wengine walianza na Biblia. Mimi nilianza na vali. Kwa hiyo nani wa kunitisha?

Alhamisi, 6 Juni

Nimeipasua injini nusu mbili. Mikono yangu! Oili mpaka kwenye nywele. Kamshafti kuukuu zimetoka, vinundu vimelika upande mmoja kama visigino vya viatu vya mlevi. Mpya zimeingia. Nilizipaka oili taratibu, kama ninavyowapaka wajukuu mafuta kifuani wakikohoa.

Emil kasimama getini na kofia yake. Hakuingia, nilikuwa na nyundo. Kaniuliza kama napika au natengeneza. Nikamwambia napika, na nyama imepungua, karibu ndani. Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti. Miaka sabini na mitano, bado ana meno yake yote. Hilo nalo linaniudhi.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Nusu mbili nimeziunganisha, gia nimezipachika. Kila gia ina alama yake ndogo, kinukta au kistari. Kitabu kinasema alama zitazamane, ndipo vali zifunguke kwa wakati wake. Zisipotazamana, vali itagongana na pistoni, na hapo ni kilio. Zangu zilitazamana kama wachumba kanisani.

Nikampigia Verna simu, nikajisifu. Kasema Mama, hongera, sasa pumzika. Kupumzika! Nikaizungusha injini kwa mkono mara mbili, niifurahie tu.

Alama haziko mahali pake! Moja inaangalia mashariki, nyingine imegeuka kabisa. Nimekosea wapi?

Jumatatu, 10 Juni

Nimezing'oa gia zote. Nimezipanga tena. Zimetazamana, nimeapa zimetazamana, hata Verna kaziona. Nikazungusha mara mbili. Zimeachana!

Mara ya tatu, vilevile. Nimeitukana injini kwa Kijerumani cha mama yangu, maneno ambayo sikujua kama bado ninayo.

Verna kasema kwa upole: Mama, ukimlipa Emil leo unaisikia Jumamosi, ukiendelea hivi unaisikia mbinguni. Nimemfukuza bandani. Nikamwita arudi, nikampa jamu ya rubabi, yale mashina machachu ya bustanini. Ana haki, maskini. Lakini nani aliyemwomba haki?

Jumatano, 12 Juni

Leo asubuhi sikumsikia jogoo wa jirani. Nikadhani kachinjwa, nikafurahi. Kumbe yuko juu ya uzio, mdomo wazi, anawika kwa nguvu zake zote.

Zamani nilikuwa najua saa kwa pikipiki ile. Reinhold akitoka kiwanda cha sukari, nilimsikia akipunguza mwendo kwenye mizani ya bitiruti, pale malori ya wakulima yanapopimwa, maili moja kutoka hapa. Pale ndipo nilipotia tambi kwenye maji. Akiwa anaegesha, naepua. Hatukuwahi kula tambi iliyolala. Watoto walidhani mama yao mchawi.

Nimepanga gia mara ya nne. Zimeachana.

Ijumaa, 14 Juni

Haya. Nimekwenda kwa Emil. Nimejipaka poda, nimebeba mikate ya kabichi na nyama, kumi na miwili, ajue kwamba mimi si ombaomba, ni mteja. Nikamwambia nitalipa kama mtu yeyote, na akicheka namtia mkate puani.

Hakucheka. Alikuja na taa, akainama, akaangalia gia zangu moja moja mpaka nikataka kumpiga teke. Kisha akasema, “Tillie, umepatia. Tangu Jumamosi umepatia.”

Nikamwambia asinidanganye kwa kuwa mimi mjane. Akasema gia ya katikati ina idadi ya meno isiyogawanyika sawa na ya gia nyingine. Alama zikishatazamana mara moja na ukazungusha, hazirudi kutazamana mpaka injini izunguke mara tisini na nne. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kazi yangu haina kosa. Siku sita nimekuwa nikivunja kitu kizima!

Nikamuuliza amejuaje. Akaanza kufutafuta taa. Nikamwambia, “Emil, sema, au mikate narudi nayo.”

Kasema. Reinhold alimletea injini ileile mwaka wa 1953, kajaa jasho, analalamika alama zinaachana. Na 1961. Na 1970. Kila mara Emil aliifunga, akalipwa, akaapishwa asinitamkie.

Shamba la kaka yake! Utulivu! Mwanamume huyo!

Nilikasirika mpaka nikakaa chini. Kisha nikacheka mpaka Emil akaniletea maji. Kumbe sote wawili tulishindwa na kitu kimoja, Reinhold na mimi, kila mtu kwa siri yake. Ningekuwa naye hapa ningempiga kwa mwiko, halafu ningempakulia.

Jumamosi, 15 Juni

Emil kapiga kiki, goti langu halikubali. Mara ya kwanza, kikohozi. Ya pili, moshi. Ya tatu, mama yangu wee!

Nikampigia kelele asisimame pale kama kinyago, apande, aende mpaka kwenye mizani ya bitiruti, ageuze, arudi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mteja haulizwi.

Nikaingia jikoni. Nikafungua dirisha, nikageuza sikio la kushoto. Kimya. Kimya. Nikafikiri ndiyo basi, limekwenda. Halafu nikaisikia, mbali, ikipunguza mwendo, ule mguno wake wa kifuani, du-du-du, kama mtu anayejikohoza kabla ya kubisha hodi.

Mkono wangu ulitia tambi kwenye maji. Mimi sikuuambia.

Alipoegesha nilikuwa naepua. Tukala. Emil alikula sahani tatu na hakusema neno juu ya macho yangu, Mungu ambariki. Nilipotoa pochi, akasema mikate ile imetosha. Kasema pia nisiifungue tena injini, iko sawa kabisa. Verna akaniapisha. Niliapa, mkono juu ya kitabu cha injini.

Jumatatu, 17 Juni

Tisini na nne? Nani kazihesabu? Emil ni mtu wa kusema tu, tangu 1947.

Nimefungua kifuniko. Kidogo tu. Nimezungusha mpaka alama zikatazamana, kisha nikaanza kuhesabu, harage moja bakulini kwa kila mzunguko. Verna alipiga simu mara mbili, sikumsikia, nami sina kosa.

Zilipotazamana tena nikahesabu maharage: tisini na matatu. Muongo yule! Nilijua.

Isipokuwa nimeona harage moja chini ya benchi. Sikumbuki kama ni la leo.

Narudia.