Malalamiko ya Babu Aliyefundishwa Kunyamaza

Mukuyuni, Makueni
14 Juni

Kwa Mwalimu Tima,
Mfundishaji wa usemi wa watoto.

KUH: KUVURUGWA KWA UTARATIBU NYUMBANI KWANGU

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni Mzee Nzioka, babu yake Nthenya, yule msichana wa miaka minne ambaye anaishi na usonji na bado hajaanza kuongea. Kwa miaka ishirini na sita mimi ndiye msomaji wa matangazo kanisani kwetu. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa aina gani uliyemnyamazisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimfundisha binti yangu Kasiva, mamake Nthenya, kwamba mtu akimwambia mtoto neno, anyamaze ahesabu hadi kumi moyoni, mtoto apate nafasi ya kujibu. Nilikubali. Sikujua kumi iko mbali hivyo. Mara ya kwanza nilifika nne nikamjibia. Kasiva akaniambia, "Baba, umeingilia tena." Na kuongea kwenyewe nilimfundisha mimi.

2. Nimekatazwa kumwambia mtoto "sema babu, sema babu". Mwaka mzima nilimwambia hivyo kila asubuhi, naye mwaka mzima akaangalia vifungo vya koti langu. Wewe unasema nilikuwa nampa mtihani. Sasa natakiwa nishuke chini, niwe kimo chake, nifanye anachofanya. Jumamosi alipanga vifuniko vya chupa kutoka mlangoni hadi jikoni. Nami nikapanga. Mchungaji Musembi alikuja kututembelea akanikuta nimelala kifudifudi, kifuniko mkononi. Alituombea kwa muda mrefu kuliko kawaida.

3. Picha. Kuta zimejaa picha: maji, ndizi, nje, choo. Mtoto akitaka kitu analeta picha yake, na anapewa papo hapo. Nilisema zitamfanya mvivu wa kuongea. Ukanijibu kwamba picha hazizuii maneno, zinayafungulia njia. Hilo sibishi. Ninacholalamikia ni kwamba Alhamisi, nikiwa katikati ya kumsimulia ukame wa mwaka wa themanini na nne, Nthenya aliniletea picha ya mkono ulioinuliwa, yaani imetosha. Aliiweka kwenye goti langu polepole, kwa heshima. Kasiva alisema nifurahi, maana hayo ni mawasiliano. Mke wangu Ndunge ameomba nakala ya picha hiyo.

4. Umenizoesha kusema na mtoto kwa maneno mawili mawili. "Kikombe hiki." "Twende nje." Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikasema, "Harusi Jumamosi," kisha nikanyamaza nikihesabu. Wengine walidhani nimeugua. Wengine wamemwomba mchungaji niendelee hivyo hivyo.

Kwa sababu hizo, naomba rasmi uyaondoe mafunzo yako nyumbani kwangu, na uniandikie barua nimwonyeshe mchungaji kwamba akili yangu ni timamu.

Wasalimie wazazi wote wa darasa lako, hasa yule mama anayetoka Sultan Hamud na mapacha wake. Ndunge anakusalimu kwa furaha ambayo siielewi.

Wako ninayejizuia,
Mzee Nzioka

Tanbihi: Nilikuwa nimeshamaliza kuandika. Asubuhi hii nilikuwa uani nikipepeta ndengu, nikizimwaga kutoka ungo hadi karai, na Nthenya amechuchumaa karibu akisikiliza zinavyolia. Nikachoka, nikasimama kupumzisha mgongo. Akanishika mkono, akaniangalia usoni, akasema, "Mwaga."

Nikamwaga. Akasema tena, "Mwaga." Kasiva alitoka jikoni akaketi chini akalia.

Kwa hivyo usiondoe kitu chochote. Jumanne nitakuja darasani mimi mwenyewe. Tumemwaga ndengu hadi saa sita, nusu yazo ziko mchangani, na Ndunge anaziokota.