Jiko Langu la Gesi na Kikombe cha Bi Polixeni

Jumatatu, 11 Agosti

Bi Polixeni, jirani yetu hapa kambini pwani, kanywa tena kahawa kwa Argiris. Asubuhi ya kumi na moja mfululizo! Nimehesabu mwenyewe, nikichungulia nyuma ya taulo. Argiris ni fundi mitambo wa meli aliyestaafu. Hema lake liko hatua tisa kutoka langu, na jiko lake dogo la gesi hulipangusa kila siku kama anamwogesha mjukuu. Kahawa yake ina povu zito. Yangu hufoka, hufurika, povu linakufa. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yetu. Basi, na nywele anazo.

Tangu Urania wangu afariki, miaka minne sasa, nanywa kahawa peke yangu, na sipendi. Nalisema wazi kwa kuwa daftari ni langu. Bi Polixeni anarudi kwao Volos Jumamosi. Nina siku nne za kumleta kwenye meza yangu, hata kwa kikombe kimoja.

Jambo la ajabu: nimegusa mtungi wa gesi jiko likiwaka. Baridi! Unatoa jasho. Agosti hii, juu moto, chini baridi. Nimekaa nikiutazama robo saa nzima. Kahawa imefurika.

Jumanne, 12 Agosti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimekwenda kwa Argiris kuomba sukari, kumbe napeleleza jiko. Akaniuliza tangu lini natia sukari, mbona miaka yote nanywa chungu. Sikujiandaa kwa swali hilo. Nikasema daktari kaniagiza. Argiris akacheka mpaka Bi Polixeni akageuka.

Lakini siri nimeipata. Moto wake ni mdogo, wa buluu, umetulia. Wangu ni wa manjano na unakohoa. Argiris akasema vitundu vya jiko vimezibwa na kahawa ya mwaka jana. Nitoe mtungi kwanza, nivisugue kwa brashi kavu, na nisithubutu kuchokonoa kwa sindano maana vitapanuka. Kwa nini hataki nitumie sindano? Lazima kuna faida anayonificha.

Nimetumia sindano. Moto sasa unatokea upande mmoja tu, mrefu sana. Nusu ya unyusi wangu wa kushoto haipo.

Jumatano, 13 Agosti

Harufu ya yai viza mezani. Nikatafuta yai. Hakuna yai. Gesi! Sasa inavujia wapi? Nikatoa kiberiti: mahali panapovuja patawaka, nami nitapajua. Hesabu safi kabisa.

Bi Polixeni alikuwa anatoka kuoga baharini. Amefundisha kemia miaka thelathini na sauti ya darasani bado anayo. Akaniambia, "Kwanza weka hicho kiberiti chini, Bwana Thraso, halafu tutazungumza habari za akili zako." Nikaweka.

Akapaka maji ya sabuni pale mtungi unapoungana na jiko. Mapovu yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine! Sijaona kitu kizuri hivyo kiangazi chote. Nikamwomba apake tena. Akapaka. Kimpira cha kuzibia kilikuwa kimepasuka kama kisigino. Argiris akaleta kimpira kipya na kichwa kipya cha jiko, maana ana akiba ya kila kitu, mtu wa kuudhi. Wakafungua mtungi uwanjani, mbali na moto wa mtu yeyote, wakafunga upya, wakapaka sabuni tena. Kimya. Hakuna povu.

Nikamuuliza Bi Polixeni kuhusu ule ubaridi wa mtungi. Akasema mle ndani gesi ni kimiminika, na kinapogeuka hewa huchukua joto la mtungi, kama jasho linavyopoza ngozi. Yaani kila siku nilikuwa na somo mezani na sikujua! Alikaa dakika kumi na mbili kwenye kiti changu. Akaahidi: Ijumaa, sikukuu ya Bikira Maria, akitoka kanisani, atakunywa kahawa yangu. Argiris alisikia.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkahawa wa babu yangu ulipika kahawa ndani ya mchanga wa moto. Polepole, povu hadi ukingoni. Mchanga ninao, pwani nzima! Nimelijaza sinia la Urania la kuokea, pana kuliko usukani wa lori, nikaliweka juu ya jiko. Upepo ukasumbua, nikalizungushia jiko karatasi ya bati, nikaikaza. Povu limepanda lenyewe. Nimepiga kelele za furaha.

Argiris kapita, kasimama. Akasema, "We Thraso, sinia limefunika mtungi wote, joto linarudi chini. Unataka tumfuate Bikira Maria mbinguni kabla ya misa yake?" Wivu. Nimeuandika hapa kama ushahidi.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekuja! Gauni la buluu, mkate wa kanisani mkononi. Mchanga ulichukua nusu saa kupata moto, tukaongea. Kahawa ikapanda. Nikakumbuka somo, nikagusa mtungi nione ulivyo baridi. Ulikuwa wa moto! Nikamwambia kwa furaha kwamba leo kanuni imebadilika.

Sijawahi kuona mwalimu mstaafu akiruka hivyo. Alifunga koki, akanishika ukosi, akanivuta mpaka nyuma ya gari la Argiris, huku Argiris akiwafukuza majirani. Tukachutama watatu saa nzima. Mtungi haukupasuka. Bi Polixeni alikuwa bado kanishika ukosi. Akasema ameshazika mume, hatazika na jirani kwa sababu ya povu. Nililia kidogo.

Kila kitu kilipopoa, akakaa mezani kwangu, akainywa ile kahawa, baridi hivyo hivyo. Akasema ni nzuri. Akanipa anwani yake ya Volos, niende Oktoba, ila nimwapie kwamba sitaweka tena sinia pana juu ya jiko. Nimeapa kwa jina la Urania.

Jumamosi, 16 Agosti

Ameondoka. Kaniachia karatasi kwa mwandiko wa kwenye ubao. Kagua kimpira. Pima kwa sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Weka jiko nje, mahali tambarare. Usilizungushie kitu. Usilipeleke hemani. Chombo kisizidi upana wa jiko.

Nimeisoma mara tatu, kama mwanafunzi mwema. Nitaitii neno kwa neno. Kesho nataka kuwakaangia kambi nzima samaki, habari zimfikie Volos kwamba nimekuwa mtu mwingine. Sinia la Urania linazidi upana wa jiko. Sawa kabisa. Lakini jiko gani? Karatasi inasema jiko, moja. Nikiyaweka mawili ubavu kwa ubavu, sinia halizidi hata kidogo, na joto linagawanywa kwa mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Argiris kaenda kuogelea. Jiko lake liko mezani.