Mbio za Pikapu ya Kijani

Jumatatu, 7 Mei 1956, Mbeya
Leo maisha yangu yameanza! Tajiri wangu, Bwana Merali, ataingiza gari kwenye mashindano makubwa ya mwakani, yale ya kupasua matope nchi hadi nchi. Anatafuta dereva. Tuko wawili: mimi Asukile, na Bartholomeo, Mhehe mpole asiyejua hata kupiga honi kwa madaha. Jumamosi tunashindana na pikapu zake mbili hadi Iringa. Dereva atakayetangulia kuingia dukani kwa ndugu yake Bwana Merali na kumpa ufunguo wa gari mkononi, ndiye.
Jioni nimefanya mazoezi kibarazani, ungo ndio usukani. Kwenye kona ya tatu mke wangu Severina akauchukua, apepete maharage. Hajui michezo.

Jumatano, 9 Mei
Bartholomeo anasema ataendesha taratibu, mradi afike. Nimecheka hadi machozi!
Yeye siku zote huendesha pikapu ya kijani, mimi nyeupe. Hapo akili yangu ikafanya kazi. Kwaya ya Igawa inataka kwenda Iringa kwa ibada ya Jumapili, haina usafiri. Nimewatumia salamu kwa dereva wa basi: Jumamosi pikapu ya kijani inabeba watu bure, wasimame katikati ya barabara. Bartholomeo hawezi kuwakatalia watu wa kanisa. Kwisha habari yake!
Nimemsimulia Severina. Hakucheka. Ameuliza tu kama nafasi itabaki.

Ijumaa, 11 Mei
Nimeng'oa kwenye ile nyeupe bodi la nyuma, kiti cha pili, tairi la akiba, hata jeki. Itapaa! Mvua kutwa nzima. Bartholomeo kauliza nitafanyaje nikikwama. Nimemjibu bingwa hakwami.

Jumamosi, 12 Mei, Iringa
Maafa.
Alfajiri Bwana Merali akasema haki itendeke, akarusha sarafu. Nikapewa ya kijani! Nikalalamika nimezoea nyeupe. Akasema bingwa hachagui gari.
Igawa, kwaya nzima barabarani, inaimba. Nikapiga honi. Wakadhani nashangilia. Kiongozi wao, Esta, akanishukuru kwa niaba ya usharika, wakapanda na mizigo na kuku. Wa mwisho nani? Mama mkwe! Alikuwa Igawa kwa dada yake, na Severina kamtumia habari za gari la bure. Kwao Uheheni mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasalimiani, hawakai chumba kimoja. Akajifunika kanga gubigubi. Mimi nikakigeuza juu kioo cha kutazamia nyuma. Kuanzia Igawa sikuona nyuma, niliona mawingu.
Lakini Makambako! Matope hadi magotini, na ile nyeupe, kwa wepesi niliouongeza mwenyewe, inazunguka palepale, Bartholomeo anatafuta jeki. Mimi na uzito wa kwaya tukapita tukinguruma. Akanipungia mkono. Nikampungia yote miwili, nusura tuingie mtaroni.
Iringa wa kwanza! Nikasimama mbele ya duka. Ndugu yake Bwana Merali yuko kaunta, kanyoosha mkono. Mvua ikashuka. Mama mkwe, ili asionane nami, akaruka chini na kukimbilia mlango wa karibu. Ndio huohuo wa duka.
Yeye hatoki kwa sababu niko nje. Mimi siingii kwa sababu yuko ndani. Nikamwomba Esta amwambie asogee. Esta akauliza nimelelewa wapi, kumtoa mzazi kwenye mvua! Nikampigia kelele mwenye duka aje nje. Akajibu masharti ni ndani. Mwishowe nikasogeza pikapu nyuma ya duka, mama apate kutoka. Alipotoka, nikakimbia. Mlangoni nikakutana na Bartholomeo anatoka, kajichimbua kwa mikono, matope hadi kwenye nyusi, ufunguo keshaukabidhi. Akanisalimu kwa adabu, kwa Kihehe: kamwene.

Jumapili, 13 Mei
Moyo unauma, sifichi. Nilishaliona jina langu limeandikwa ubavuni mwa gari.
Lakini ibadani nimepata mpango. Bwana Merali kasema kwa simu mwakani atatushindanisha tena, kwa mashindano yatakayofuata. Bartholomeo ni kapera, na Severina ana mdogo wake hapa Iringa, Yudith, msichana mzuri sana. Nimeshawakutanisha. Bartholomeo ametabasamu. Mama mkwe mmoja, madereva wawili! Mwakani akisimama tena mlangoni, tuone huyo Bartholomeo atapita wapi!