Kabati la Kijapani na Bangili ya Huda

Hazim aliliona kabati lile kando ya mapipa ya taka ya jengo lao, mtaa wa Al Nahda, Dubai. Lilikuwa fupi na pana, la mbao nyepesi, limevishwa vyuma vyeusi pembeni, na ufunguo wake ungali kwenye kitasa. Mlinzi alimweleza kwamba Mjapani wa ghorofa ya juu amerudi kwao na kuliacha. Hazim, aliyekuwa akiwauzia watu samani za mitumba kwa maneno mazuri kuliko samani zenyewe, alichomoa droo moja yote, na nyuma yake akakuta nyingine, ndogo, iliyojificha. Mpango mzima ukamjia palepale.

Mwenye tamaa humwuzii kitu. Unamwacha aamini anakuibia. Unaweka cha thamani kwenye droo ya siri, unamwacha mteja peke yake, anakiona, ananyamaza, kisha analipa bei yoyote ili aondoke na kabati kabla mwenyewe hajashtuka. Akishalipa, unajifanya unapangusa vumbi, unachukua chako.

Mteja aliyemchagua ni Bi Swafiya, mjane wa Unguja mwenye nyumba za kupangisha. Bi Swafiya alikuwa akiuza dhahabu sokoni Deira tangu ujana wake, kwa hiyo shaba isingemdanganya. Ndipo Hazim akaazima bangili ya mkewe Huda, ile nzito aliyovishwa siku ya harusi yao Lamu. Hakumwambia Huda mwenyewe, asije akamsumbua kwa habari hiyo.

Alilihamishia kabati Bur Dubai, katika chumba cha rafiki yake juu ya duka la vitambaa, akamwita Bi Swafiya. Hazim alimwamkia, akamkaribisha chai, akaeleza. Wajapani wa zamani hawakuzitundika nguo zao za hariri. Walizikunja na kuzilaza kwenye droo bapa kama hizi. Mbao hizi huvimba wakati wa unyevu zikaziba zenyewe, kukikauka zikapumua. Na vyuma vya ubavuni ni vya kupitishia mti, ili nyumba ikishika moto watu wawili walibebe mabegani, nguo zikiwa ndani. Yote hayo aliyasoma asubuhi kwenye simu, na yalikuwa kweli. Halafu akaongeza ya kwake: mwenye kabati alikuwa bibi kizee wa Kijapani, amekufa bila mtoto.

"Wallahi, Bi Swafiya, mimi sijafungua hata droo moja. Naheshimu mali ya marehemu."

Akaomba ruhusa akaswali alasiri. Na kweli aliswali, maana siku hiyo alikuwa na jambo la kuomba.

Aliporudi alimkuta Bi Swafiya amekaa palepale, mkoba mapajani. Alisema kabati ni zuri, ila fupi mno kwa mgongo wake. Akashukuru kwa chai, akaondoka. Bei hakuiuliza.

Hazim alivuta droo ya siri. Ilikuwa tupu.

Alimkimbilia, akamkuta kituo cha abra, zile mashua za kuvusha watu, kwenye foleni ya kuvukia Deira.

"Bi Swafiya, mle kabatini mlikuwa na bangili."

"Nimeiona, mwanangu. Ya yule bibi wa Kijapani, maskini."

"Ni yangu."

Bi Swafiya alimtazama kwa huruma. "Itakuwaje yako, na wewe umeniapia hujalifungua? Usijitie dhambini bure. Nitaiuza nimtolee sadaka. Asiye na mtoto nani atamkumbuka?"

  Nahodha akasema yalla, twendeni, Bi Swafiya akapanda, akaketi vizuri, akampungia mkono.

Njiani kurudi Hazim alitunga habari ya wezi, akaitupa. Akatunga ya kuteleza majini, akaitupa nayo. Huda alikuwa amekaa naye miaka mingi mno. Mwishowe alimweleza ukweli, kwa sauti ndogo, kwa kuwa hakuwa na mazoea nao.

Huda hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kabati bado liko. Lilipoletwa alilipangusa, akapanga humo kanga zake, mabuibui yake, na nguo zote za mumewe. Akalifunga na kuuvaa ufunguo shingoni.

"Khalas, yamekwisha," akasema.

Tangu hapo, kila asubuhi Hazim husimama mbele ya kabati na kuomba shati. Huda humuuliza anakwenda kufanya kazi gani. Jibu likimridhisha, hufungua. Lisipomridhisha, Hazim hushinda nyumbani na fulana, na mteja hapati kumuona.