Ramani ya Umeme Iachwe Kichwani Mwangu

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA UCHORAJI WA RAMANI YA UMEME

Mimi fundi mkuu wa umeme, ambaye kiwanda kizima mnaniita Mzee Fyuzi, nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila roho inaniuma.

Tangu mwezi uliopita, binti mhandisi uliyemwajiri anazunguka humu akifuata kila waya, kutoka chumba cha transfoma mpaka kwenye mashine, na kuuchora. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ramani ya umeme wa kiwanda hiki ipo. Ipo kichwani mwangu, haijawahi kulowa wala kuliwa na panya. Kuchora nyingine ni kunitangaza marehemu wakati bado napanga foleni ya chai.

2. Binti huyu anazima swichi mojamoja ili aone kitakachokufa. Jumatatu alizima iliyoandikwa "PAMPU". Pampu ikaendelea kuvuta maji, feni ya mhasibu ikasimama. Watu wakacheka. Mimi niliyeandika "PAMPU" sikuona cha kuchekesha. Pampu ilikuwa hapo kabla haijahamishwa, na mtu mstaarabu huhamisha waya, hahamishi jina.

3. Heshima. Zamani mashine ikizimika nililetewa kiti. Nilitazama dari, nikaguna, na watu wote wakanyamaza, hata wewe. Sasa mpakiaji yeyote atasoma namba ukutani na kusema ni swichi ya saba, kisha arudi kwenye maboksi yake kana kwamba hakuna lililotokea.

4. Likizo yangu. Kila nilipokwenda likizo mlinipigia simu asubuhi na mapema. Mke wangu alilalamika, na mimi nikajifanya nalalamika. Ramani ikikamilika, simu hiyo italia kwa sababu gani? Nishinde nyumbani nikisimuliwa na shemeji habari za kuku wake?

Kwa hiyo naomba kazi hiyo isimame. Ikishindikana, ramani ichorwe bila majina. Na hilo likishindikana, kichwa changu kiandikwe kuwa mali ya kiwanda na kipewe mlinzi, na siku nikifa nizikwe pembeni ya transfoma, ili wenye maswali wajue pa kuja kuyaulizia.

Nisalimie wote hapo ofisini, akiwemo mhasibu, na mama wa chai umwambie sukari yake siku hizi inatosha.

Wako, taa ziwake ama zizimike,
Mzee Fyuzi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha niliitwa, mashine ya kuchanganyia sabuni imekwama. Nilizima swichi ninayoijua, nikaingiza mkono kati ya mapanga yake kuchomoa kipande cha ubao. Binti akanishika bega, akasema polepole, "Mzee wangu, toa mkono. Uliyozima ni ya taa za nje."

Niliutoa. Akaenda kuzima ile yenyewe, akarudi, akauchomoa ubao, wala hakumsimulia mtu.

Barua hii ihesabu kwamba haikukufikia. Ramani tumeshaibandika karibu na mlango, mimi nikimshikia ngazi. Naomba ya pili, yenye herufi kubwa kidogo, kwa ajili ya macho yangu.

Samahani kwa mwandiko wa huku chini. Mkono unatetemeka, lakini upo.