Siri ya Maharage ya Mlimani

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Nyumba ya wageni iko juu kabisa, ukungu mpaka chumbani. Blanketi bichi. Sikuja kupumzika. Nimekuja kuiba siri ya maharage ya mama mwenye nyumba, yanayowapandisha watu mlima huu kwa hiari yao. Mgahawa wangu unakufa. Mke wangu kasema nikirudi mikono mitupu, yeye anarudi kwao. Hakupandisha hata sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jioni nimeyaonja. Jamani! Nimetokwa na machozi, nikasingizia moshi.

Jumanne, 4 Juni

Nimejifanya mgonjwa, ili nilazwe jikoni karibu na moto. Mama kanishika paji la uso, kasema pole mwanangu, kanirudisha kitandani. Kumbe hapa mgonjwa hupewa uji mtupu, bila chumvi wala sukari, mpaka apone! Nawasikia wageni wenzangu nyuma ya ukuta wakiomba kuongezwa maharage. Mzee mstaafu wa chumba cha pili anayasifu kwa sauti. Makusudi.

Jumatano, 5 Juni

Uji. Nimesema nimepona. Mama anasema wagonjwa wote husema hivyo. Mstaafu yuko jikoni, anamenya viazi na kupewa hadithi. Nimemuuliza aliingiaje. Eti aliomba tu. Mnafiki!

Alhamisi, 6 Juni

Nimeruhusiwa kuamka. Nimemkuta mama peke yake, nikajikaza, nikamuuliza siri yake.

"Hakuna siri, mwanangu," alisema. "Nayaloweka usiku, nabandika asubuhi, moto mdogo, basi nakaa nayo."

Mtu mzima hadanganywi hivyo! Macho yangu yakaenda kwenye mafiga, yale mawe matatu chini ya chungu, meusi kwa miaka ya moshi na mafuta. Siri hiyo hapo! Mama alipotoka kuchota maji, nikachomoa moja, nikalitia begini. Chungu kikapinduka. Nikasingizia paka. Mama akalitazama begi langu linavyofuka moshi, akaniambia pole tena.

Leo nyumba nzima imekula uji.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Nimewasha moto mkali, figa langu katikati, nikaenda kibarazani kungoja wateja. Maharage yametoka mabichi, yanagonga meno. Mke wangu kaonja kijiko kimoja, kakiosha kijiko, kafunga virago.

"Ungekaa na mimi jikoni," alisema mlangoni, "hata siku moja tu."

Sijui hilo linahusiana nini na maharage. Nyumba imepoa. Nimelia, na leo hakuna moshi wa kusingizia.

Lakini kosa nimeliona. Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Kesho alfajiri napanda tena, kuchukua mawili yaliyobaki.